Mwaka Ambao Mama Hakuruhusiwa Kukonda

Waliotuambia mwanzo ni sisimizi. Mama, kama wanawake wengi wa rika lake pale Rugera, hakupenda kwenda choo cha shimo kilichokuwa mwisho wa kibanja, shamba la migomba lililoizunguka nyumba, asubuhi umande ungali kwenye majani. Alijisaidia haja ndogo nyuma ya jiko, kwenye jaa la majivu, kisha akaingia kazini. Siku moja nikaona sisimizi wamejipanga mstari kutoka ukutani hadi pale majivuni. Nikawamwagia maji. Kesho yake wakarudi. Nikawamwagia maji ya moto, wakarudi tena, na mimi kwa hasira zangu nikawafokea wadogo zangu kwamba wanamwaga omuramba ovyo wakati baba anavunja mgongo kuukamua. Wakaapa si wao. Nilimchapa mmoja hata hivyo.

Omuramba, kwa asiyeujua, ni maji ya ndizi mbivu. Baba alivundika ndizi shimoni mpaka zikaiva, akazimenya, akazitia kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, akazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi kavu mpaka utamu wote ukatoka. Ukiuacha na mtama uliokaangwa unachacha na kuwa rubisi, pombe ya wanaume. Ukinywewa siku ileile ni kinywaji cha watoto, cha wajawazito, cha wagonjwa, na cha walokole wasiogusa pombe. Mama alikuwa Mlutheri wa kweli. Alikunywa kibuyu kizima mchana na kingine jioni, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Alikuwa mnene. Siwezi kusimulia haya bila kuusema unene wake, maana kila kitu kilizunguka hapo. Baba alimtania kwamba akisimama mlangoni inabidi tuwashe taa mchana, na mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu kwetu huo haukuwa utani wa kuumiza. Mke mnene alikuwa sifa ya mume wake na sifa ya kibanja. Alionyesha kwamba migomba ya nyumba ile inazaa, kwamba mume hafungi chakula ghalani, kwamba ndani kuna amani. Nikiwa mdogo nilijivunia kutembea nyuma yake kwenda kanisani. Nilihisi tunaijaza njia nzima.

Halafu likaja lile janga. Miaka michache baada ya vita vya Uganda, watu wa mkoa wetu walianza kukonda na kufa. Hapo mwanzo halikuwa na jina la Kiswahili. Watu waliliita ugonjwa wa kukonda, na baadaye ndipo tukafundishwa kusema ukimwi. Sikumbuki ni lini hasa kukonda kulipogeuka kuwa hukumu. Ninachokumbuka ni kwamba mtu mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye msiba tu uliomkosesha usingizi, akipungua mashavu kidogo, watu walianza kumsalimia kwa mbali. Binti wa jirani yetu, niliyesoma naye, alivunjiwa uchumba kwa sababu mama yake alikonda. Yule mama alikuwa na kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Lakini upande wa mwanamume ulikuwa umeshatuma mtu kusema kwamba wanaahirisha kidogo, na kuahirisha kule hakukuwa na mwisho.

Mimi nilikuwa mwalimu wa UPE, mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo na boksi la chaki, wakaambiwa wakafundishe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, umri ambao mashangazi huanza kukutazama kama debe linalovuja. Mwalimu mwenzangu, mtu wa Rugu, alikuwa ametuma mshenga nyumbani. Baba alikubali. Arusi ilipangwa baada ya mavuno ya kahawa, na mimi nilikuwa nahesabu wiki kimoyomoyo huku nikijifanya sina habari.

Ni katika wiki hizo mama alipoanza kumaliza mtungi wa maji peke yake. Alikunywa, akatoka, akarudi, akanywa. Alisinzia na jembe mkononi. Alisema macho yake yana ukungu, kama mtu aliyekaa karibu na kuni mbichi. Baba akasema ni uchovu. Lakini mimi nilishaona kitu kingine kilichonitisha zaidi: kitenge chake kilikuwa kinazunguka kiunoni na kubaki na upande mrefu wa kuchomeka. Mama alikuwa anapungua. Nikaamua kumpeleka hospitali, na sitadanganya kwamba nilikwenda kwa ajili ya kiu yake.

Tulipata lifti ya lori la kahawa mpaka Omurushaka, tukamalizia kwa miguu hadi hospitali ya misheni. Daktari alikuwa kijana, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili cha kutamka kila herufi. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na hapo Kiswahili chake kikaishia karibu chote. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha salamu. Mengine yote aliyaishi kwa Kinyambo. Daktari akaniomba nikae katikati yao nitafsiri.

Walichemsha mkojo wake kwenye kichupa pamoja na dawa ya buluu. Nilisimama mlangoni mwa maabara nikaangalia ile buluu ikigeuka kijani, ikageuka njano, ikaishia rangi ya tofali lililochomwa. Daktari alikishika kichupa mbele ya dirisha na kukitazama kwa muda.

"Mama ana kisukari," alisema.

Nusura nicheke. Duka la ushirika la kijijini kwetu lilikuwa limekaa miezi bila kilo moja ya sukari. Tulikuwa tukinywa chai kwa chumvi kama vile tumelaaniwa.

"Sukari tutaitoa wapi, daktari?"

"Sikusema ya dukani," alisema. "Mwambie mama hivi. Mwili wake haujaishiwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, hapa nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kuiambia nyama ya mwili ifungue mlango, sukari iliyomo kwenye damu iingie ndani iwe nguvu. Wako wagonjwa ambao insulini yao imekwisha kabisa. Hao wasipochomwa sindano wanakufa. Mama si wa kundi hilo. Yeye anayo, huenda nyingi kuliko yangu. Ila mwili wake umeacha kuisikiliza."

"Unaachaje?"

"Wewe si mwalimu? Ukiwafokea watoto tangu kengele ya asubuhi, ikifika saa nane wanakusikia?"

Nilijua darasa langu.

"Basi ndiyo hivyo. Chakula chochote cha wanga kinageuka sukari tumboni. Sahani kubwa ya ndizi ni kelele. Ile juisi ya ndizi mnayokunywa huku ni kelele zaidi, maana inaingia kwenye damu haraka. Insulini inapiga kelele, na mafuta yaliyojaa tumboni yanauziba mwili masikio. Mwisho sukari inakosa pa kwenda, inatoka kwenye mkojo."

"Na dawa yake?"

"Vidonge nitampa, lakini vidonge ni msaada tu. Dawa ni kupunguza kelele. Ale nusu ya ndizi anazokula sasa. Aanze na maharage na mboga za majani, ndizi zifuate. Omuramba auache. Atembee kila siku, mwendo wa kumtoa jasho. Na apungue. Amekwisha kupungua kidogo kwa ugonjwa, huko si kuzuri. Ila akipungua kwa kula vizuri na kutembea, mwili utaanza kusikia tena. Asipofanya hivyo," aligusa macho yake, kisha akainama akagusa mguu wake, "hivi vitakwenda kimoja kimoja."

Alisema mengi na kwa upole, na mimi katika yote yale nilisikia neno moja. Apungue. Nilimwona akilini shangazi wa mchumba wangu akishuka kutoka Rugu kuja kutukagua kabla ya arusi, kama ilivyokuwa desturi, akamkuta mama yangu mashavu yameingia. Nilimwona mshenga akiingia uani na yale maneno ya kuahirisha.

Mama alinigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema una kisukari," nilimwambia kwa Kinyambo. "Uache sukari. Atakupa vidonge."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

Akafikiri. Mama hakuwa mtu wa kuridhika upesi. "Na chakula? Muulize kuhusu chakula."

Sikumuuliza daktari. Nilimtazama mama usoni nikamwambia, "Anasema ule vizuri upate nguvu."

Daktari alikuwa akituangalia, kalamu mkononi. "Mbona mimi nimesema mengi, wewe umesema machache?"

"Lugha yetu ni fupi, daktari," nilisema.

Akacheka, akaniamini. Kinyambo si lugha fupi. Kumsalimia mtu tu kwa Kinyambo kunakula robo saa. Mama naye alicheka kwa kumwona daktari anacheka, akamshukuru kwa mikono miwili, na tukaondoka.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa adhabu ndogo kuliko aliyoitarajia. Kuacha sukari! Kitu ambacho hata hivyo hakipo. Tulipofika nyumbani akawatangazia wote. Tangu siku ile akawa mkali kwa sukari ya dukani kuliko mchungaji kwa pombe. Ilipopatikana kilo, alisukuma kikombe chake mbali: "Mimi chai yangu msiitie kitu." Kwenye misiba na ubatizo, chai ya sukari ikigawiwa, alinyanyua kiganja na kusema kwa sauti kwamba yeye daktari amemkataza, na wanawake wakamsifu kwa kuwa na moyo mgumu. Baada ya hapo alipewa kibuyu cha omuramba badala yake, akakimaliza.

Kuna siku jirani mmoja alithubutu kuuliza kama omuramba nao si mtamu. Baba aliona ametukanwa. "Sukari inatoka kiwandani," alisema. "Huu nimeukanyaga mwenyewe kwa miguu yangu. Ndizi ya kibanja changu itamdhuru vipi mke wangu?" Wote waliokuwepo wakakubali. Kwa watu wetu ndizi haikuwa aina ya chakula, ilikuwa ndicho chakula chenyewe. Aliyekula ugali au viazi mpaka akashiba, akiulizwa, angesema hajala. Nisingetegemea waone walichokuwa hawajaambiwa. Mimi niliyeambiwa nilikuwa nimekaa palepale, nikiendelea kuchambua mchicha.

Niliendelea na mabaya zaidi. Nilianza kumpakulia. Chakula chetu kilipikwa chungu kimoja, ndizi na maharage pamoja, kikamwagwa kwenye majani ya mgomba tukayazunguka. Lakini mama kwa sababu ya ugonjwa sasa alitengewa, na mimi nilijipa kazi hiyo. Nilimjazia. Akisema ametosheka nilimwambia daktari amesema ale. Alikuwa ananitii kama mwanafunzi mzuri. Na shuleni, wiki hizohizo, nilikuwa nasimama mbele ya darasa la nne nikichora ubaoni vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, nikiwachapa wasiokumbuka. Wakati mwingine nilipofika kwenye ndizi mkono ulikuwa mzito, lakini niliandika.

Vidonge na chakula vilifanya nilichotaka. Kitenge kikarudi kumbana. Shangazi wa mchumba wangu, mwanamke mrefu mwenye macho ya kupima, alipokuja alimshika mama mkono kwa salamu zetu ndefu, na nikaona vidole vyake vikipanda taratibu mpaka juu ya kiwiko, vikabonyeza, vikakaa pale. Walikuwa wakiulizana habari za mifugo na mvua. Mama hakujua anapimwa, au alijua, sijui. Kisha shangazi akakaa, akatafuna punje za kahawa kavu tunazomkaribishia mgeni, akasema, "Nyumba hii watu wanakula." Nilikuwa nyuma ya pazia. Nililia kwa furaha, na nikajipongeza kwa akili nyingi.

Siku ya arusi mama alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Hiyo ndiyo picha yake niliyonayo kichwani, na kwa miaka mingi niliitumia kujitetea. Nilijiambia, mwangalie, huyo ni mgonjwa?

Mtu ataniuliza kwa nini sikumwambia baada ya arusi. Mimi mwenyewe nimejiuliza kwa matusi ambayo sitayaandika hapa. Uchumba ulikwisha, nilikuwa kwangu Rugu, nilikuwa na cheti cha ndoa kilichopigwa muhuri. Shangazi angefanya nini? Lakini mwaka wa kwanza nilijiambia mke mgeni hawezi kuleta maneno. Mwaka wa pili nilikuwa na mtoto. Baadaye ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa isingekuwa habari ya daktari tena, ingekuwa habari yangu. Kila mara nilipokwenda Rugera nilimkuta amekaa jikoni pamoja na kibuyu chake, ananisimulia kwa fahari kwamba ameshinda miaka mingapi bila kuonja sukari. Nilimbusu mtoto wangu kichwani ili nisimtazame yeye.

Kisha vikaanza kwenda kimoja kimoja, kama kijana yule alivyosema. Miguu ilianza kufa ganzi. Alisema anatembea kama amevaa soksi. Funza akamwingia kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto na hakumsikia. Kwetu hata mtoto humsikia funza siku ya kwanza kwa mwasho, akamtoa kwa pini. Alipogunduliwa kidole kilikuwa kimevimba na kunuka. Kilikatwa. Macho nayo ule ukungu ulirudi, ukatulia, ukarudi, na mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda walijaa wilayani kwetu na kuni zikawa mbali, mama alikuwa akinitambua kwa sauti tu. Baba alikuwa ameshafariki kwa malaria. Omuramba sasa ulikamuliwa na vibarua, na alilalamika kwamba hawajui kukanyaga kama baba.

Mwaka huohuo nilimrudisha hospitali, ileile, kwa sababu ya kidonda kingine kwenye mguu. Yule kijana wa pwani alikuwa amekwisha kuhamishwa. Alitupokea daktari mwanamke, mtu mzima, mchovu, hana muda. Nilipoanza kukaa katikati ili nitafsiri, akanizuia. Alikuwa na mhudumu wa wodi, mama wa Kinyambo mwenye sauti kubwa, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Nikasogea pembeni nikasimama na mkoba wa mama kifuani.

Daktari alisema, mhudumu akatafsiri. Neno kwa neno, bila kuruka hata kikohozi. Kwamba insulini mama alikuwa nayo tangu zamani, ila mwili ulikuwa unaikataa. Kwamba kongosho sasa limechoka, na pengine itabidi sindano. Kwamba ndizi zipunguzwe, maharage na mboga viongezwe, omuramba uachwe kabisa, na kwamba alipaswa kupungua tangu mwanzo, hapo ndipo palikuwa na nafuu kubwa.

Mama alisikiliza, uso ameuelekeza kwenye sauti. Akauliza swali moja. "Hili la chakula limegunduliwa mwaka huu?"

Mhudumu akamwuliza daktari. Daktari akanyanyua kichwa. "La zamani hilo. Hamkuambiwa alipogunduliwa?"

Nilisimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaukumbatia mkoba. Mama hakunigeukia. Hata kipofu hugeukia upande anaojua mtu yupo, yeye hakugeuka.

"Nadhani niliambiwa," alisema. "Nikasahau."

Daktari akatikisa kichwa. "Wazee wa huku ni wabishi," alimwambia mhudumu. "Unawaambia, wanarudi nyumbani wanakula vilevile. Sasa ona." Mhudumu hakuona haja ya kutafsiri hilo, lakini lilikuwa Kiswahili rahisi na mama alilielewa. Alikaa akakaripiwa, mikono mapajani, yeye ambaye alikuwa ametii kila alichoambiwa kwa karibu miaka kumi. Na mimi niliacha akaripiwe. Kati ya yote niliyomfanyia, hili ndilo linaloniamsha.

Siku ya tatu baada ya kurudi, alasiri, tulikuwa uani kwake Rugera, yeye ameketi mkekani akimenya maharage mabichi kwa kupapasa, na mguu wenye kidonda ameunyoosha juu ya mto. Nilikuwa nimekaa mbele yake na ungo.

"Yule kijana wa pwani," alisema, "siku ile alisema nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, kwa Kinyambo kirefu, na ajabu ni kwamba nilikuwa nayakumbuka yote: masikio ya mwili, kelele, darasa langu, nusu ya ndizi, mwendo wa kutoa jasho. Nilimwambia pia kwamba aliuliza habari ya chakula na kwamba sikumfikishia daktari swali lake. Sikulia. Niliona kulia kungekuwa njia nyingine ya kumfanya anihurumie.

Vidole vyake viliendelea. Alipasua ganda, akatoa punje, akatupa ganda.

"Kutembea," alisema. "Mimi nilikuwa napenda kutembea. Hilo ningeliweza." Akamenya jingine. "Na hilo la nusu. Ningenung'unika, lakini ningeliweza. Ulikuwa unaniongeza wakati nimeshiba."

"Ndiyo, mama."

"Uliogopa nini?"

"Watu."

"Watu gani? Wataje."

Nilianza na shangazi wa mume wangu. Mama akasema, "Huyo tulimzika." Kweli tulimzika, naye alikufa amekonda, na waliobeba jeneza walisema halikuwa na uzito. Nikamtaja mshenga. "Naye tulimzika." Nikawataja wanawake wawili wa kwaya waliokuwa na midomo kuliko wote, na mama, ambaye alikuwa amekwenda kuwaosha walipokufa, akanitajia hata kanga walizovikwa. Nikamtaja mume wangu. Mama akacheka kidogo puani niliposema kwamba jana yake, mume wangu alipokuja kumjulia hali, nilimsimulia yote, naye akanitazama kwa mshangao akasema angenioa hata kama mama yangu angekuwa mwembamba kama ufito.

Sikuwa na mwingine.

"Mmoja bado," alisema mama.

Nilijua anamsema nani: mimi mwenyewe. Alisimamisha mikono, akasubiri nijitaje, na uso wake safari hii alikuwa ameuelekeza kwangu kabisa.